Chui Hapunguzwi

Watu wa chama walimwita Mzee Chui, na jina hilo lilimkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake. Enzi za utumishi alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka masoko na maghala akihakikisha kilo ni kilo na lita ni lita, na wauza nafaka wakimwona tu anaingia, walianza kupangusa mawe yao ya kupimia kwa upindo wa shati. Alipostaafu, wenzake walimzawadia saa ya ukutani. Yeye akajizawadia kamera. Wala si kamera ya kuning'iniza shingoni ukapiga watu harusini. Hii lenzi yake ilikuwa na mkoba wake peke yake, na mkoba nao ulikuwa na koti la mvua.

Kwa kamera hiyo aliingia Jicho Kali, chama cha wapiga picha za wanyama pori. Walikuwemo daktari wa meno, wakili, meneja wa benki na wengine wa namna hiyo, watu walioshiba wakakosa la kufanya siku za mapumziko. Sharti la kuingia lilikuwa moja: uwe umempiga picha mnyama wa porini, huko huko porini, kwa mkono wako mwenyewe. Mzee Chui aliingia kwa picha moja, na kwa picha hiyo hiyo akawa mwenyekiti.

Na picha yenyewe, tuseme kweli, usingeibeza. Uso wa chui ulikuwa umejaa fremu nzima. Masharubu yalisimama moja moja, pua ilikuwa na unyevu, na macho ya rangi ya asali yalikutazama kama umemwamsha mwenye nyumba. Mzee Chui alisimulia kwamba alilala kifudifudi majanini tangu umande haujakauka, siafu wakimpanda miguuni, asijikune hata kidole. Kila aliposimulia, siafu waliongezeka. Alikuwa ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba akianza tu, miguu inamwasha kweli.

Mkewe alikuwa mpiga eksirei mstaafu, mwanamke mtulivu asiyependa makelele. Alikuwa na tabia moja: siafu wakianza kupanda, yeye huinuka, akaenda jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Sasa Jicho Kali walikuwa na tovuti, na tovuti ilikuwa na geti. Bila neno la siri huingii. Mzee Chui ndiye aliyesisitiza geti hilo, kwa hoja kwamba dunia imejaa wezi wa picha, na kazi ya mwanachama ionwe na mwanachama. Ndani ya geti kila mmoja alikuwa na ukumbi wake, na picha zake zimetundikwa. Ila kulikuwa na manung'uniko. Picha zilikuwa zinapunguzwa.

"Tai wangu," Daktari wa Meno alilalamika kwenye simu, "amekuwa kama kifaranga aliyenyeshewa. Mwenyekiti, mimi nimetumia kamera ya maana. Kwa nini nionekane kama nimepiga kwa kikokotoo?"

Mzee Chui akamwita mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye ndiye aliyeijenga tovuti na kuitunza. Nyumbani wote walimwita Fundi. Binti alikuja, akasogeza vikombe, akafungua kompyuta yake juu ya meza ya sebuleni.

"Mjomba, hebu sikiliza. Hii picha yako moja ina uzito kuliko tovuti nzima."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Mtu akiifungua kwenye simu, bando linamwishia kabla hajaona sikio la chui."

"Anunue bando jingine. Kwani nani alimwambia uanachama ni lelemama?"

"Kuna njia ya kati. Tunaweka nakala ndogo mbele, kama sampuli dukani. Ile kubwa inakaa ghalani. Anayeitaka, anaiomba."

"Sampuli!" Mzee Chui aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Mimi nimewakimbiza wapunjaji maisha yangu yote, leo wanipunje kwenye tovuti yangu mwenyewe? Chui hapunguzwi, mwanangu."

"Chui hapunguzwi, mjomba. Inapunguzwa picha."

"Kwangu ni mamoja."

Mkewe alikuwa pembeni akimenya machungwa. "Mwache mtoto wa watu afanye kazi anayoijua," alisema.

"Wewe mambo ya picha huyajui, mama," Mzee Chui akamjibu, kwa upole wa mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

Mkewe alimtazama kidogo. Kisha akaendelea na machungwa yake.

Suala likapelekwa kwenye mkutano, na mkutano ulikuwa mfupi kwa sababu wote walikuwa upande mmoja. Kila mwanachama alisimama akataja ukubwa wa picha zake kama mzazi anayetaja alama za mwanawe. Wakili akasema tembo wake akichapishwa anaweza kufunika ukuta wa mahakama. Meneja wa Benki akasema mamba wake anahitaji kuta mbili. Ikapitishwa kwa sauti moja kwamba kila picha ipandishwe jinsi ilivyotoka kwenye kamera, bila kupunguzwa hata unyoya.

Fundi akafanya alivyoagizwa, neno kwa neno. Siku hiyo Jicho Kali likapofuka.

Daktari wa Meno alifungua twiga wa mwenzake wakati wa kifungua kinywa, akapata anga tupu. Akaenda kung'oa meno ya watu, akarudi kwa chakula cha mchana, akakuta pembe. Shingo ilianza kuteremka alasiri, na simu ilikuwa imepata moto wa kunyooshea kola ya shati. Kabla miguu ya twiga haijafika, kampuni iliyowapangisha seva ikafunga geti kwa nje.

"Tulipanga chumba kimoja, mjomba," Fundi alieleza. "Ninyi mkaingiza kundi zima la nyati. Mwenye nyumba kabadilisha kufuli."

"Basi tafuta nyumba kubwa."

"Nyumba kubwa peke yake haitoshi, bado mlango ni mwembamba. Lakini nina wazo."

Wazo lake lilikuwa zuri, lazima tuliseme. Picha kubwa zingewekwa kwenye ghala lake lenye nafasi, halafu mashine ikate kila moja vipande vidogo vidogo, kama vigae vya sakafuni. Mtu akitazama picha kwa mbali, analetewa vigae vichache tu. Akisogea karibu, analetewa vya pale anapotazama, na vingine vinabaki ghalani. Bando halimwishii mtu, na seva haizimii.

"Na unaweza kusogea mpaka wapi?" Mzee Chui akauliza.

"Mpaka kwenye kinyweleo."

"Kinyweleo!"

"Na vumbi lililo juu ya kinyweleo, kama lipo."

Mzee Chui alifurahi mpaka akasahau kusema ahsante. Fundi akaiachia mashine ikate, naye hakuwa na haja ya kuzichungulia picha moja moja. Nani anakagua manyoya ya kila ng'ombe kabla ya kufungua zizi?

Siku ya uzinduzi walikodi ukumbi wenye pazia jeupe ukuta mzima. Wanachama walikuja na wake zao na waume zao, kwa kuwa hata mwenye geti hupenda majirani wachungulie mara moja moja. Mzee Chui alivaa koti lake la siku zote, la mifuko mingi isiyo na kitu. Mkewe alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Fundi alitaka kuendesha kompyuta mwenyewe, lakini mjomba wake akamnyang'anya kipanya.

"Ndugu wanachama," alianza, "wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi leo nawaambia: tazameni!"

Akabonyeza. Chui akajaa ukutani. Watu wakaguna kwa raha.

"Hapa tuko mbali. Sasa tunasogea." Masharubu yakawa manene kama mirija. "Tunasogea tena." Kwenye ncha ya sikio akaonekana kupe, amejibandika, ameshiba.

"Nimemwona kupe!" Daktari wa Meno alisimama akipiga makofi. "Jamani, kupe!"

Ukumbi mzima ukampigia makofi kupe. Mzee Chui alikuwa hewani. Aliwapitisha puani, akawapitisha kidevuni, akawaeleza jinsi alivyozuia pumzi, na siafu wakaanza kupanda. Mkewe hakuwa na jikoni ya kukimbilia, akakaa hapo hapo.

"Jichoni, mwenyekiti!" sauti ikatoka nyuma. "Sisi si ndio Jicho Kali?"

"Twendeni jichoni," akasema Mzee Chui.

Picha aliyoitundika sebuleni kwake ilikuwa na ukubwa wa kalenda, na jicho la chui humo lilikuwa kama kifungo cha shati. Hakuwahi kulitazama kwa namna nyingine. Sasa jicho likafunika ukuta. Mwanzoni lilikuwa na ukungu, kisha vigae vikaanza kufika kimoja kimoja, na kila kilipofika, kipande cha jicho kikawa angavu. Katikati, pale penye weusi, palikuwa panang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Na kama ilivyo kwa sufuria iliyosuguliwa, ndani yake mlionekana vitu.

Kwanza zilionekana nyuzi zilizokatizana.

"Hayo ni majani," akasema Mzee Chui.

"Majani gani yana fundo kila kona?" akauliza Wakili, ambaye riziki yake yote ilitokana na kuuliza maswali anayoyajua majibu.

Kigae kingine kikafika. Nyuma ya nyuzi alisimama mwanamke mwenye kitambaa kichwani, viwiko amevibana mbavuni, kamera imemfunika uso. Kigae kingine. Nyuma ya mwanamke palikuwa na mwavuli mkubwa wa kutangaza soda. Chini ya mwavuli kulikuwa na kiti cha plastiki, na kitini alikuwapo mwanamume, kofia imemshukia puani, miguu kaitupa mbele, tumbo limeelekea mbinguni.

Angerudi nyuma hapo, pengine mtu angesema ni kivuli. Lakini mkono wenye haraka haukurudi nyuma. Ulibonyeza, na jicho likasogea zaidi. Sasa ikaonekana chupa ya soda pembeni ya kiti, mrija ukiwa bado ndani. Likaonekana na koti la yule mwanamume.

"Mbona lina mifuko kama ya..." mtu mmoja alianza, akanyamaza.

Mkewe Mzee Chui, mstari wa mbele, aliinamisha kichwa upande, akatazama ukuta kama mtu anayejitafuta kwenye picha ya darasa.

"Kumbe na mimi nilitokea," akasema.

Mzee Chui alimgeukia mpwa wake. "Fundi! Mashine yako imeongeza vitu!"

"Mashine haijui hata kama una kiti, mjomba."

Mtu akazima taa ya projekta. Ikatangazwa kwamba chai iko tayari, ingawa haikuwa tayari, na watu wakatoka wakasimama kwenye meza tupu wakishika vikombe vitupu, kila mmoja akitazama viatu vyake. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini hii ilipasukia mkononi mwa mpigaji.

Yaliyotokea kweli yalikuwa mepesi. Walikuwa wanarudi kutoka kwa wakwe, gari likachemka, wakasimama kwenye kituo cha mafuta. Nyuma ya kituo, mwenye kituo alikuwa amefuga wanyama ili kuvuta wateja: nyani, kobe na chui mmoja mzee nyuma ya wavu. Mzee Chui, ambaye wakati huo hakuwa Chui bado, alikuwa ameshiba chakula cha wakwe. Akaomba kiti, akaomba soda, usingizi ukamchukua. Mkewe akatoa kamera kwenye mkoba. Akapenyeza lenzi kwenye tundu la wavu, na chui alipomjia, akamwambia kwa sauti ile ile aliyowaambia wagonjwa kazini kwake: "Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike." Chui akatii.

Siku chache baadaye mwenye studio aliikuza picha hiyo, akapiga mluzi. "Mzee, wewe hatari!" Mzee Chui alifungua mdomo aseme ni mke wangu huyo. Alikumbuka vizuri kwamba nia ilikuwa hiyo. Lakini mdomo ukatoa, "Ah, kidogo tu." Na kidogo hicho kikaota miguu, na miguuni wakapanda siafu.

Walipofika nyumbani kutoka ukumbini, Mzee Chui alivua koti, akaliangalia, akalitupa nyuma ya kochi.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Nikwambie nini?" mkewe akauliza. "Kwamba ulikuwa umelala? Si ulikuwepo."

"Unajua ninachosema."

Mkewe aliketi, akavua viatu taratibu. "Mara ya kwanza nilidhani unatania. Mara ya pili nikasema ataona haya, ataacha. Ya tatu ukaleta siafu. Nikaona, basi, huyu sasa anaamini. Nitagombanaje na mtu aliyeumwa na siafu?"

"Umeniaibisha mbele za watu."

"Kipanya ulishika wewe, baba."

Mzee Chui aliingia chumbani, akatunga kichwani hotuba ya kujiuzulu. Ilikuwa hotuba nzuri yenye maneno kama "afya" na "wajukuu".

Asubuhi yake alikuwa ananyoa ndevu bila kujitazama machoni Fundi alipoingia na simu mkononi, akicheka mpaka ameshika ukuta.

"Mjomba, njoo usikie mambo. Daktari wa Meno kaniandikia alfajiri: 'Binti yangu, ile picha ya tai tafadhali ipunguze. Za wenzangu ziache.'"

"Kwa nini?"

Fundi akafungua tai, akasogea mguuni. Juu ya kucha kulikuwa na kamba ya katani, imefungwa fundo la kitanzi, na kwenye ncha ya kamba kidole cha mtu.

Hakuwa peke yake. Wanachama walikuwa wamerudi makwao, wakajifungia na kompyuta zao, kila mmoja akaenda kutembelea picha yake kwa mara ya kwanza kwa karibu. Tembo wa Wakili alikuwa amejengwa kwa vidoti vya wino wa kiwandani, na pembeni kabisa, kwenye majani, kulikuwa na nusu ya neno Desemba. Mamba wa Meneja wa Benki alikuwa amezama vizuri kwenye matete, ila shingoni alikuwa na lebo ya maelekezo ya kufua. Twiga peke yake alikuwa wa kweli, na mwenye twiga huyo hakuwa ameandika lolote. Walioandika wote waliandika kitu kimoja: yangu ipunguze, za wenzangu ziache. Nyani haoni kundule, lakini usiku ule nyani wote walikuwa wamegawiwa vioo.

Mzee Chui alitazama kamba ya tai, akatazama lebo ya mamba, na damu ikaanza kumrudi usoni. Alijikalisha, akaomba chai na mkate. Siku nzima hakuondoka kwenye ile kompyuta. Alitembea kwenye kumbi za wenzake kigae kwa kigae, kama alivyokuwa akitembea sokoni, na kila alipokuta pungufu alipiga kofi gotini. "Wapunjaji!" alisema. "Wapunjaji watupu!" Hotuba ya kujiuzulu aliisahau kabisa.

Mkewe alipita na kapu la nguo. Alisimama nyuma yake kidogo, akasikia kofi la gotini, akaenda zake.

Ukaitishwa mkutano wa dharura. Hakuna aliyetaja jicho. Hakuna aliyetaja kamba. Wakili alisimama akasema kwamba amelala akiifikiria dunia. Picha kubwa, alisema, zinakula umeme mwingi, umeme unakula misitu, na msitu ni nyumba ya mnyama. Je, sisi wapenzi wa wanyama tumbomolee mnyama nyumba ili tuone masharubu yake?

"Aibu!" Daktari wa Meno akaitikia, mkono kifuani.

Ikapitishwa kwamba kwa kuwapenda wanyama, picha zote zipunguzwe ziwe za ukubwa wa stempu. Ikapitishwa pia kwamba uwezo wa kusogea karibu uondolewe, kwa heshima ya faragha ya mnyama. Mwishoni Meneja wa Benki akapendekeza mwenyekiti aendelee, maana huu si wakati wa kuyumba, na watu wakapiga makofi kwa nguvu ya watu walioponea chupuchupu. Mzee Chui aliinama kushukuru. Aliona, kwa kweli, kwamba anastahili.

Hapo mkewe akasimama. Alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, pamoja na Fundi.

"Samahani, ndugu viongozi. Naomba kujiunga na chama."

Viti vikalia.

"Sharti lenu nalijua," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Mnyama awe wa porini. Wangu alikuwa nyuma ya wavu, kwa hiyo mimi sifai. Lakini juzi nimepita kwenye kumbi zenu, nimeona kwamba, ukimtoa mwenye twiga, nyote hamfai. Ndiyo nikasema labda nafaa."

Mtu alikohoa, kikohozi kikapokewa na mwingine. Wakili akaomba nafasi. "Kwa heshima zote, shemeji, picha hiyo tayari ni ya mwanachama. Haiwezi kuingia mara mbili. Uamuzi ni wa mwenyekiti."

Wote wakamgeukia Mzee Chui. Mkewe pia akamtazama, na wala hakumtazama kwa ukali. Alimtazama jinsi mtu anavyotazama chungu kilicho motoni, akingoja kuona kama kitachemka. Mzee Chui alihisi maneno yamefika kooni. Yalikuwa machache, mepesi, na mwenye studio hakuwepo kuyazuia. Angeyasema tu. Akatazama pembeni, akaona sura za wenzake, waliotoka kumpigia makofi sasa hivi.

"Suala hili," akasema, "lina mgongano wa maslahi. Naliahirisha mpaka kikao kijacho."

"Sawa," mkewe akasema.

Alikuja mpaka mbele. Mkoba wa kamera ulikuwa umewekwa mezani kando ya maji ya mwenyekiti, kama pambo. Akauchukua, na ule wa lenzi wenye koti lake la mvua, akaitundika begani, akatoka. Fundi akafunga kompyuta yake, akamfuata. Wakili akauliza kama kuna mengineyo.

Tangu hapo siku za mapumziko nyumba ya Mzee Chui ilikuwa kimya. Mkewe na Fundi walikuwa wanakwenda porini, pori la kweli, na picha za mwanzo zilikuwa za kusikitisha. Mgongo wa swala. Mkia wa swala. Mahali alipokuwa swala. Mpiga eksirei amezoea mgonjwa anayeambiwa simama akasimama, na wanyama wa huko hawakuwa na adabu ya chui wa kituo cha mafuta. Lakini hakuzificha. Fundi alimjengea tovuti yake, isiyo na geti wala neno la siri, na vigae viliwekwa mpaka chini kabisa, mpaka kwenye vumbi. Chui wa wavu naye alikuwemo, jicho lake likiwa wazi, na chini yake ameandika: "Nyuma ya kituo cha mafuta. Mume wangu amepumzika."

Picha zikaboreka. Watu wasiojulikana wakawa wanaingia kwa wingi, walimu na watoto wa shule, wakisogea, wakirudi nyuma, wakisogea tena. Wanachama wa Jicho Kali nao waliingia, kimyakimya. Fundi alikuwa anawaona kwenye kumbukumbu za seva, na hakumwambia mtu isipokuwa mkazamjomba wake, na hao wawili walicheka mpaka wakalia.

Jumamosi moja, kabla hawajaondoka, Mzee Chui alisimama mlangoni mwa gari mikono mfukoni.

"Nami nije?"

"Njoo," mkewe akasema. "Kuna kubeba mguu wa kamera. Mzito kidogo."

Alifikiri. Mwenyekiti wa Jicho Kali, kabeba mguu wa kamera ya mtu asiye mwanachama. Watu wangesemaje? "Nina kikao," akasema, na hakukuwa na kikao.

Gari lilipoondoka, aliingia sebuleni, akaandika neno lake la siri, geti likafunguka. Picha zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, kila moja kama ukucha. Alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Hakuweza kujua yupi ni chui na yupi ni tembo wa Desemba. Akaweka kidole kwenye moja aliyodhani ni yake, na kidole kikafunika wanachama watatu.

Alikaa hivyo mpaka jua likageuka. Halafu akachukua simu, akampigia mkewe. Hakujua atasema nini. Labda angeuliza wanarudi lini, au angeuliza chumvi iko wapi. Labda yale maneno machache ya kooni, ambayo bado yalikuwa pale, yangetoka yenyewe.

Mkewe alipokea kwa mnong'ono. "Siwezi kuongea sasa hivi, baba. Kuna kitu kinakuja."

"Kitu gani?" akauliza Mzee Chui, naye akinong'ona.

Lakini simu ilikuwa imekwisha kukatwa, naye akabaki ameishikilia sikioni, akiwa na hamu kubwa ya kujua.